Moto wa Pili

Taya la Munene lilivunjika kabla ya chai ya saa nne. Sajini Kiplangat, aliyelivunja, alikuwa anainywa chai hiyo mlangoni mwa seli, kikombe cha bati mkono mmoja na rungu mkono wa pili, Inspekta Bramwel Mukhisa alipoingia.

"Amekubali?" Mukhisa aliuliza.

"Atakubali namna gani, afande? Mdomo hauendi tena." Kiplangat alicheka, akaona anacheka peke yake, akarudia chai yake.

Munene, fundi wa ndege wa pale Kitale, alikuwa amelala ubavu juu ya saruji. Macho yalikuwa yamevimba mpaka yakaziba, na damu ilikuwa imemganda shingoni. Mukhisa alichuchumaa karibu na sikio lake.

"Wewe ndiye uliyeumenya ule waya?"

Kichwa kilitikisika mara moja. Hapana.

"Unamjua aliyeumenya?"

Hapana. Kisha mwili wote ukaanza kutetemeka, kwa sababu Kiplangat alikuwa ameweka kikombe chini, na Munene alikuwa amejifunza sauti ya kikombe hicho.

Kwa Superintendent Corbett kesi hii ilikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Jana alasiri ndege ya viti viwili ya Bwana Tarrant, setla wa mahindi, ilianguka Kibabii, nje kidogo ya Bungoma. Tarrant alikufa, kichwa kimepasuka. Abiria wake, Hiram Wekoye, mwenye malori wa Bungoma, alipona na mkono ulioteguka. Hiram alisema waya ulishika moto angani, injini ikazima, wakaanguka. Askari wa Bungoma waliukata ule waya, wakauleta Kitale usiku huo huo. Haukuwa umechakaa. Ulikuwa umemenywa ganda kwa kisu. Fundi wa ndege hiyo ni Munene, na Munene ni Mkikuyu. Mwaka ulikuwa 1954, na mwaka huo Mkikuyu mwenye kisu hakuhitaji kosa lingine.

"Saa kumi lori linampeleka Nakuru," Corbett alimwambia Mukhisa bila kuinua macho. "Huko hawachelewi kunyonga."

"Nipe mpaka saa kumi, bwana."

"Chukua. Ukirudi na porojo, utapanda lori hilo hilo."

Nje, mama wa Munene alikuwa amekaa kwenye vumbi, kibuyu cha uji kikiwa katikati ya magoti. Jina lake Mwihaki. Alikuwa ametoka shambani kwa miguu tangu alfajiri.

"Wamesema hawezi kula," alimwambia Mukhisa. "Kwani mtu mzima anakosa kula kwa nini?"

Mukhisa alikuwa mpelelezi hodari wa kuuliza maswali. Alimwambia, "Ngoja hapa, mama," akaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Uwanjani kulikuwa na ndege moja tu iliyobaki, pacha wa ile iliyoanguka. Mwenyewe alikuwa Memsab Lydgate, mjane wa Kizungu mwenye shingo iliyokaushwa na jua, aliyewafunza masetla wa nusu ya wilaya kuruka. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, cha kuamrisha watu na ng'ombe kwa sauti moja.

"Mimi funza Tarrant," alisema. "Yeye mtu mbaya. Lakini rubani mzuri. Hapana anguka bure."

"Ndiyo nimekuja, Memsab. Nataka kuelewa jambo moja. Moto ukikatika huko juu, injini inakufa?"

"Moto gani?"

"Moto, Memsab. Moto."

Alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeandika jina lake vibaya. "Panda," akasema.

Mukhisa hakuwa amewahi kuruka. Mashamba ya Saboti yalipoanza kuteleza chini ya miguu yake, chai ya asubuhi ilipanda mpaka kooni, naye akairudisha kwa nguvu za serikali. Mlima Elgon ulikuwa upande wa kulia, nyumba za Kapsokwony zimeushikilia mteremko, na yeye alikuwa amekishikilia kiti.

"Sikia," Memsab alipaza sauti juu ya ngurumo. "Nyinyi nasema moto. Ya jikoni, moto. Ya betri, moto. Ya plagi, moto. Yote moto! Ndio mimi nauliza, gani?"

Akabonyeza swichi. Taa ndogo ikafa, redio ikanyamaza, sindano moja ikalala chini. Mukhisa alifumba macho akangoja kuanguka. Injini ikaendelea kunguruma kana kwamba habari hiyo haikuihusu.

"Hii moto ya betri," Memsab alisema. "Redio na taa, basi. Waya ikitoa moshi, wewe zima hii, moshi nakwisha, wewe rudi nyumbani. Injini hapana jua betri." Akagusa vijiti viwili kando. "Hii magneto. Iko mbili. Nazunguka na injini, natengeneza moto yake yenyewe. Gari yako iko moto moja. Ndege iko moto ya pili."

"Nimeelewa, Memsab."

"Hapana elewa." Akavizima vijiti vyote viwili.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele yoyote. Upepo ulipiga mluzi mlangoni. Mukhisa alipiga ukelele ambao baadaye aliukana kabisa.

"Sasa tazama mkono yangu. Kwanza shusha pua. Mtu akiogopa navuta juu, kwa sababu ardhi iko chini. Akivuta, bawa nakosa upepo, ndege naanguka kama jiwe, yeye kufa. Wewe shusha. Halafu tafuta shamba, hapana miti. Funga petroli, ama wewe choma. Fungua mlango mapema, kwa sababu chuma ikipinda mlango hapana funguka, wewe choma ndani. Kaza mkanda. Basi, shuka kama mtu anaweka yai."

Aliviwasha vijiti. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika, wakiwa chini kiasi cha kuona kuku wakitawanyika uani kwa mtu. Mukhisa alifungua dirisha akatapika. Serikali ilikuwa imeshindwa.

Ndege ya Tarrant ilikuwa kwenye shamba lililopumzishwa, karibu na njia ya misheni ya Kibabii. Maiti ilikuwa bado chini ya turubai, daktari akisubiriwa kutoka Kakamega, na askari wawili wa kabila walikuwa wakifukuza nzi kwa majani ya mgomba. Memsab alitua kando, akashuka bila neno.

Mukhisa alianza na ndege. Gurudumu la kushoto lilikuwa limekatikia kwenye mtaro na bawa la upande huo limepinda. Lakini rafadha ya mbao pale puani ilikuwa nzima. Ingekuwa inazunguka kwa nguvu ilipogusa chini, ingevunjika vipande vipande. Kioo cha mbele hakikuwa na hata ufa. Memsab aliingiza kichwa ndani, akagusa kitu kimoja kimoja: swichi ya betri imezimwa, petroli imefungwa, vijiti vya magneto chini vyote viwili. Komeo la mlango wa rubani lilikuwa limefunguliwa, halikuvunjwa.

"Yote sawa," alisema. "Yeye fanya yote sawa. Hii hapana anguka. Hii natua."

"Mtu aliyetua hivi anakufa kwa nini, Memsab?"

Mukhisa alikuwa ameshafunua turubai. Uso wa Tarrant ulikuwa mzima, hata kidevu alichonyoa asubuhi kilikuwa kisafi. Mukhisa akamgeuza. Kisogo kilikuwa kimebonyezwa na kupasuliwa, na si mara moja. Nywele, mfupa na udongo vilikuwa vimechanganyika. Mtu anayerushwa mbele hagongi kisogo, na damu haikuwa ndani ya ndege. Ilikuwa kwenye nyasi, hatua kadhaa kutoka mlangoni.

Nyuma ya kiti cha abiria kulikuwa na kishikio cha chuma kisicho na kitu.

"Hapa nakaa kizimamoto," Memsab alisema. "Nzito, ya shaba."

"Nani amekichukua?" Mukhisa aliwauliza askari. Waliapa kwamba walikuta pako hivyo hivyo.

Mukhisa akakaa kwenye kiti cha abiria. Mahali waya ulipokatwa na askari palikuwa karibu na goti lake la kulia, na rangi ya chuma hapo ilikuwa imeungua duara. Kama Munene angeumenya kule Kitale na kuuegemeza kwenye chuma, moshi ungetoka kule kule Kitale, rubani alipowasha betri. Haukutoka mpaka juu ya Bungoma. Aliyeumenya alikuwa amekaa hapa, kisu mkononi, akiona mawingu.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia shamba la jirani aliitwa. Jina lake Nekoye, na hakutaka kuikaribia ile turubai.

"Niliona ikikuja kimya, bila kelere," alisema. "Nikasema hiyo ni bomu ya serikari. Nikakimbia nikaingia kwa mahindi nikarara chini."

"Hukuona watu wakitoka?"

"Nitaona nini na uso uko kwa mchanga? Nirisikia tu. Mzungu aricheka."

"Alicheka?"

"Aricheka sana, bana, kama mtu amepona. Harafu nikasikia mtu anapasua kuni. Pu! Pu! Pu! Nikajiambia, ati huyu anapasua kuni saa hii ni nani?"

Memsab Lydgate alikaa chini kwenye nyasi.

Mukhisa alirudisha turubai. Kulikuwa na jambo Corbett hakuliweka kwenye kesi yake, kwa sababu kwake lilikuwa limefungwa. Mwaka uliotangulia, kijana wa Hiram, Festus, taniboi wa lori la baba yake, alikwenda kubeba mahindi kwa Tarrant. Lori lilirudi nyuma likang'oa mlingoti wa lango. Tarrant alimfunga kijana kwenye gurudumu akampiga kiboko mpaka akaacha kulia. Korti ilisikia kwamba bandama ya kijana ilikuwa mbovu tangu zamani. Tarrant akatozwa faini, akarudi kuvuna. Mukhisa alikuwa kwenye mazishi. Alikuwa ameshika kona ya jeneza, kwa sababu yeye na Hiram walitahiriwa msimu mmoja, mtoni pamoja, na kwa Wabukusu watu kama hao ni bakoki, ndugu wa kisu, mpaka kaburini.

"Rudi Kitale, Memsab," alisema. "Mwambie Corbett kuhusu moto wa pili. Wewe atakusikia."

Yeye alichukua baiskeli ya askari akaelekea Bungoma.

Hiram alikuwa kwenye yadi yake, peke yake, mkono wa kulia umefungwa kitambaa shingoni, akitazama ndani ya injini ya lori kama mtu anayetazama kisima.

"Bakoki," alisema.

"Bakoki. Pole na ajali."

"Ni Mungu tu, bana."

"Nieleze tena. Polepole, mimi si mtu wa ndege."

"Tulifika juu ya Kibabii, moshi ikatoka kwa waya. Mzungu akapiga kelele, ati zima moto! Nikazima ile swichi ya betri. Injini ikakufa hapo hapo. Tukaanguka kama gunia. Yeye akagonga kioo na kichwa."

"Injini ilikufa kwa sababu ulizima betri?"

"Si moto imekatika? Wewe umeona gari gani inaenda bila moto, bakoki?"

Mukhisa aliumia kusikia jibu hilo, kwa sababu alikuwa ameomba njia nzima asilisikie. "Gari, hapana," alisema. "Ndege ina moto wa pili. Nimetoka huko juu leo. Betri ilizimwa mbele ya macho yangu na injini haikujua. Kioo cha Tarrant ni kizima. Kisogo chake ndicho hakipo. Na kizimamoto chake hakipo, na Nekoye amesikia kuni zikipasuliwa."

Kitambaa cha Hiram kikadondoka, na mkono ulioteguka ukawa haujateguka hata kidogo. Ulikuwa na hendeli ya kuwashia lori.

Pigo la kwanza Mukhisa alilikinga kwa mkono wa kushoto, na kifundo kikavunjika kwa mlio wa muwa. La pili lilimpita likapasua taa ya lori. Aliingia chini ya mkono wa Hiram, akampiga kichwa cha pua, damu ikawamwagikia wote wawili, wakaanguka kwenye oili. Hiram alikuwa mzito na alikuwa amebeba magunia maisha yake yote. Alimkalia kifuani, goti juu ya mkono uliovunjika, akalisaga. Mukhisa alilia kwa sauti. Hendeli ikapanda juu.

"Piga," Mukhisa alisema, meno yakiwa mekundu. "Lakini uwe umejua. Saa kumi wanampeleka mtu kunyongwa kwa ajili yako."

Hendeli ilibaki juu. "Mtu gani?"

"Fundi wa ile ndege. Kijana. Taya wameshavunja."

"Mimi sikutaja mtu. Nilisema waya tu."

"Ulisema waya. Waya una fundi, na fundi ana kabila. Wewe ulifikiri watatafuta nini?"

Hiram alikaa pale juu ya kifua cha mwenzake, akihema, damu ya pua ikimdondokea Mukhisa shingoni. Kisha akatupa chuma kando na kuanza kuongea, si kwa Mukhisa hasa, kwa lile lori.

"Nilitaka tufe wote wawili. Alinialika twende Kisumu mkutano wa mahindi. Alinipa sigara, bakoki! Anaongea na mimi kama mtu hajaniua. Nikakata waya na kisu, nikagusisha kwa chuma, moshi ikajaa. Nikangoja injini ikufe. Haikufa. Yeye mwenyewe akaogopa moto itafika kwa petroli, akazima kila kitu, akanishika bega, akaniambia usiogope Hiram. Akatushusha kama mtoto analazwa. Tukatoka nje. Akacheka. Akanikumbatia, ati tumepona. Ile chupa ya shaba nilikuwa nayo mkononi. Sasa iko mtoni."

"Ungemwachia Mungu," Mukhisa alisema, na yeye mwenyewe aliona neno lenyewe ni jepesi.

"Nilimwachia mwaka mzima." Hiram akainuka, akampa mkono wa kumnyanyua. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane imepita."

"Na wewe huwezi kuendesha na hiyo mkono."

Basi Hiram Wekoye aliendesha lori lake mwenyewe mpaka Kitale kujitoa. Njia ilikuwa na matope na alilikimbiza kama mwendawazimu. Mara mbili Mukhisa alifikiri watapinduka. Mara zote mbili hakujua kama angesikitika.

Memsab Lydgate alikuwa ofisini mbele yao, amesimama, na Corbett alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Neno la mwanamke wa Kizungu juu ya swichi lilikuwa limekaa pale mezani, wala hakuna aliyethubutu kuliondoa. Hiram alisema yote, kuanzia kisu mpaka mto. Corbett alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwinamia, akatumia Kiswahili chake.

"Wewe sikia. Mimi nataka ile Kikuyu. Wewe sema yeye nakupa kisu, yeye nafunza wewe kata waya. Wewe hapana nyongwa. Fungo kidogo, rudi kwa malori yako. Elewa?"

Mukhisa alitazama sakafu. Hiram alikuwa na wake zake na watoto wengine wa kulisha.

"Simjui huyo kijana," Hiram alisema. "Hakunipa kisu. Kisu ni yangu, na mkono ni yangu."

"Fikiri tena."

"Nimefikiri, bwana. Mwache aende kwao."

Corbett alimpiga kofi la mgongo wa mkono lililomfungua pua upya, Memsab akasema neno moja kwa Kiingereza, na Corbett akasaini karatasi ya kumwachia Munene kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa.

Kumtoa Munene ikawa kazi nyingine. Alisikia komeo, akasikia buti za Kiplangat, akajua ni safari ya Nakuru. Kwa macho yaliyoziba alijitupa kwenye nondo za dirisha akazikumbatia. Kiplangat alimvuta kiuno, Munene akampiga teke la kinena. Mukhisa alimwita jina, akamwambia ameachiliwa, akapata kiwiko kwenye mbavu. Sauti iliyotoka kwenye lile taya haikuwa maneno.

"Mwiteni mama yake," Mukhisa alisema.

Mwihaki aliingia seli kwa mara ya kwanza. Hakupiga kelele alipomwona. Aliweka kibuyu chini, akaenda mpaka dirishani, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe kama anavyopimwa homa mtoto mchanga. Vidole vya Munene viliachia nondo, kimoja baada ya kingine. Akamwegemea.

Walipokuwa wakitoka ilibidi wapite kwenye benchi la korido, alipokaa Hiram amefungwa pingu. Mwihaki alisimama. Munene alikuwa amemlalia begani, hajui wako wapi.

"Ni huyu?" alimuuliza Mukhisa.

"Ni huyu, mama. Angeweza kusema ni mwanao. Amekataa."

"Kwa nini alimuua Mzungu?"

"Mzungu alimuua mtoto wake."

Mama alimtazama Hiram kwa muda, damu puani, oili shingoni, mikono juu ya magoti. Hiram hakuinua macho.

"Mtoto aliitwa nani?"

"Festus."

Mwihaki aliinama kidogo, uzito wote wa mwanawe begani, mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mwanamume.

"Pole sana, Baba Festus," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu mazishi. Watu walikuwa wanaliogopa jina. Hiram Wekoye, ambaye hakuwa amelia kortini, wala kaburini, wala juu ya maiti ya Tarrant, aliziba uso kwa mikono iliyofungwa akalia kwa sauti mpaka ofisi zote zikanyamaza.